Vijumba vya Mkono na Watu wa Nyumba

Katika darsa yetu ya usiku wa Alkhamisi lililetwa swali ambalo kwanza liliwachekesha baadhi ya wenzetu, kisha likatushughulisha kwa majuma matatu. Aliyelileta ni mmoja wetu, mtu wa makamo, karani kwa kazi yake, na jina lake hatulitaji kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe. Alisema kwamba yeye na mkewe na mama yake na wanawe watatu wana shughuli waifanyayo nyumbani baada ya sala ya Isha, nayo ni kutengeneza vijumba. Nduguye wa tumbo moja amemwambia kuwa anapoteza umri wake na umri wa watoto. Na juu ya hayo ametokea mtu anayetaka kuvinunua, si kimoja wala viwili, bali kila mwezi. "Basi nishaurini," alisema, "kwani nyumbani kwangu watu wamekwisha kugawanyika."

Hatukupenda kutoa rai juu ya kitu tusichokiona. Tulikwenda watu wanne, tukakaribishwa kahawa, tukaonyeshwa. Na twakiri kwamba tulipoingia tulikuwa na nia ya kukemea kidogo, na tulipotoka nia ile ilikuwa imepungua.

Vijumba hivyo si vya kuchezea mchangani. Ni mifano ya nyumba kamili, iliyofanywa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila futi ya nyumba ya kweli imekuwa inchi. Ndicho kipimo kinachotumiwa zaidi na mafundi wa kazi hii huko Ulaya na Marekani, na kijana mkubwa wa mwenzetu alikipata katika kusoma kwake. Kuta ni za mbao nyembamba zilizopakwa chokaa juu yake. Boriti za dari ni vijiti vya mkoko vilivyochongwa na kusuguliwa kwa msasa hata vikawa na unene wa penseli au chini ya hapo. Viwili vimekwisha, navyo ni vya kujifunzia, na wenyewe wanavicheka. Cha tatu ndicho kilichotukalisha hapo hata saa tano ya usiku.

Hicho cha tatu ni nyumba ya mawe ya Lamu, katika mtaa wa Mkomani, alimozaliwa mama wa mwenzetu. Nyumba yenyewe iliuzwa zamani, na aliyeinunua ameibomoa kuta mbili na kufungua madirisha mahali ambapo hapakuwa na dirisha. Mji wa kale wa Lamu umeandikwa tangu mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ulimwengu, lakini orodha hailali ndani ya kila nyumba ikawazuia watu kubomoa. Hakuna mchoro wa nyumba ile ilivyokuwa. Mchoro wake umo kichwani mwa bibi huyu mmoja tu, naye amepita umri wa miaka themanini.

Basi kazi ndiyo hii: bibi hukaa juu ya kitanda akasema, na mjukuu wake wa kike, msichana wa miaka kumi na mitatu, hukaa chini na rula na karatasi. Bibi hajui futi wala inchi. Hupima kwa hatua zake za utotoni, na kwa vitu. Husema kwamba msana wa yuu upana wake ulikuwa upana wa boriti na hauwezi kuzidi, na msichana hutafuta urefu wa boriti za kawaida, akaona ni kama futi tisa, akaandika inchi tisa. Husema kidaka cha katikati kiliingia bakuli la buluu na mkono wa kulitoa, na hapo watu wa nyumba hutafuta bakuli wakapima. Akikosea mtu, bibi hujua kwa macho kabla ya rula. "Hapo hapana dirisha, mwanangu. Jirani angetuona."

Tulipokuwapo, mtoto mdogo wa kiume aliuliza kwa nini mtu akipita daka na tekani haingii moja kwa moja kiwandani, ila hupinda kwanza. Alidhani dada yake amekosea kukata. Bibi akamfahamisha kwamba mlango ulijengwa hivyo kwa makusudi, ili mgeni anayebisha apate kivuli na mahali pa kukaa, asikae juani, wala jicho lake lisifike ndani kabla ya ruhusa. Mtoto akachukua kijiti, akakipitisha mlangoni mwa kijumba kana kwamba ndicho mgeni, akainama kutazama kama kitaona ndani. Hakikuona. Akafurahi sana. Sisi tumesomesha adabu za kubisha hodi miaka mingi katika madrasa zetu, na hatukumbuki kuona mtoto aliyezielewa kwa wepesi ule.

Kisha wakafika kwenye nyumba ya kati, kile chumba kidogo cha nyuma ya ndani. Bibi alinyamaza. Baadaye akasema hicho kisiwekwe kitu, kwani humo ndimo alimozaliwa yeye, na humo ndimo alimooshewa mama yake alipokufa. Wajukuu wake hawakuwa wamepata kumsikia akitaja kifo cha mama yake. Mwenzetu naye, mtoto wake wa kuzaa, alituambia njiani kwamba hakuwa amepata kusikia.

Ama wale wanaosema kwamba jambo hili limeingia katika masanamu, hatuoni haja ya kusimama nao sana. Imepokewa kwa Ibn Abbas (radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie) kwamba alimwelekeza mtu aliyekuwa akila kwa kutengeneza sura, afanye miti na visivyo na roho. Nyumba haina roho, na watu hawa hawakuweka watu ndani yake. Na yajulikana pia khabari ya Bibi Aisha na vitu vyake vya kuchezea, na farasi wake mwenye mbawa mbili za matambara, na jinsi Mtume (rehema na amani zimfikie) alivyomwuliza juu yake, na akacheka kwa jibu lake la farasi wa Nabii Sulaiman. Mwenye kutaka kuwa mkali kuliko hapo, mzigo ni wake.

Lakini hoja ya yule ndugu wa mwenzetu haikuwa hiyo. Yeye alisema jambo zito zaidi: kwamba kazi yenyewe si haramu, ila wakati ni mali, na mtu huulizwa aliutumia katika nini. Watoto wana masomo. Jirani ana shida. Fedha ya gundi na mbao ni fedha. Hapo ndipo darsa yetu ilipogawanyika, na sisi tunaoandika haya hatukuwa upande mmoja tangu mwanzo.

Yatufaa tutazame waliotutangulia katika kazi hii, kwani si mpya. Mjini Amsterdam, katika jumba la makumbusho liitwalo Rijksmuseum, kimewekwa kijumba cha mwanamke mmoja tajiri, Petronella Oortman, mke wa mfanya biashara ya hariri. Alikikusanya baina ya mwaka 1686 na 1710 hivi. Kila kilichomo ni cha kweli kwa aina yake: fedha ni fedha, marmar ni marmar, na vyombo vya kaure viliagizwa kutoka mashariki ya mbali kwa vipimo vyake. Yakisiwa kwamba alitumia gulden baina ya 20,000 na 30,000, na kwa kadiri hiyo mtu wakati ule aliweza kununua nyumba ya kweli ya kukaa kando ya mfereji wa Amsterdam. Mafundi walifanya, yeye akalipa, na wageni wakaja kustaajabu. Tumeonywa juu ya watu kushindana katika kurefusha majengo. Hatukuambiwa kwamba majivuno hayaingii katika jengo lililo fupi. Katika nyumba ya mwenzetu hatukuona haya. Gharama yao ya mwaka haifiki bei ya kiti kizuri.

Kisa kingine kilitugusa zaidi. Sir Nevile Wilkinson, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Dublin, alianza mwaka 1907 kumjengea binti yake mdogo kasri ya vijumba, wakaiita Titania's Palace. Kazi ya mbao ilifanywa na kiwanda cha James Hicks cha mji huo huo wa Dublin, na mapambo ya ndani aliyapaka mwenyewe kwa brashi nyembamba mno. Vyumba 18, na vitu vya thamani zaidi ya 3,000. Ilikwisha mwaka 1922. Hesabu, ndugu msomaji: miaka kumi na mitano! Aliyejengewa alikuwa mtoto wa miaka kama mitatu ilipoanza, na ilipofunguliwa alikuwa mwanamke mzima. Hatusemi kwamba kazi ile ilikosa kheri, kwani ilitembezwa miji mingi na fedha za kuitazama zikasaidia watoto wenye shida. Iliuzwa katika mnada mwaka 1978, na leo iko Denmark, katika ngome ya Egeskov. Twasema tu kwamba kitu kilichoanzwa kwa ajili ya mtoto kikawa kikubwa kuliko mtoto. Tulipomsimulia mwenzetu alinyamaza kidogo, akasema kwamba usiku mwingine mdogo wake hulala juu ya mkeka akingoja zamu ya kubandika kitu, na yeye baba humwambia, "Ngoja, nimalize." Hilo tulilishika.

Na wako pia dada watatu wa New York, wa ukoo wa Stettheimer, walioishi na mama yao mzee. Mkubwa wao, Carrie, ndiye aliyekuwa na mzigo wa kuendesha nyumba, na katika wakati uliobaki alitengeneza kijumba, tangu mwaka 1916 hata 1935. Mama yao alikufa mwaka huo wa 1935, na kijumba hakikumalizwa. Kiko katika makumbusho ya mji huo. Twaonelea kwamba mtu huyu hakuwa akipoteza wakati wa kumhudumia mama yake. Pengine hicho kijumba ndicho kilichomwezesha kuuvumilia.

Kwa hiyo juu ya hoja ya wakati tulifikia hapa: kazi kama hii haipimwi kwa saa peke yake, ila hutazamwa imekaa mahali pa nini. Katika nyumba ya mwenzetu tuliuliza kabla ya vijumba usiku ulipitaje. Mke wake alijibu bila kusitasita. Kila mtu alikuwa na simu yake kwenye pembe yake, na bibi alilala saa mbili kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye. Yule ndugu mwenye kulalamika alikuwapo, na hakujibu.

Sasa tuje kwa mnunuzi, kwani hapa ndipo penye hatari yenyewe.

Ni mtu mwenye duka la vitu vya mapambo, anayewauzia wageni na kupeleka nje. Alikiona kijumba cha pili, akataka kumi kila mwezi, vyote namna moja, na kila kimoja kiwe na nambari na kibandiko kisemacho kwamba kimefanywa kwa mkono na jamaa wa nyumba moja ya Waswahili. Akaongeza, kwa nia njema kama asemavyo, kwamba mkono ukishindwa kuna mashine za kukata, na kibandiko kitabaki vile vile. Hili la mwisho halikuhitaji majuma matatu. Ni ghishi, na mwenzetu alikwisha kulikataa kabla ya kuja kwetu. Lakini kumi kwa mwezi, kwa mkono, kwa haki? Kijana wake mkubwa anaingia chuo kikuu, na karo yake haijulikani itatoka wapi. Ni rahisi kwetu tuliokaa juu ya mkeka wa darsa kusema kwamba fedha itaharibu starehe yao. Karo haitulipishi sisi.

Tulilolitaja hapo ni khabari ya Seiffen, kijiji cha milimani katika nchi ya Saxony, Ujerumani. Watu wake walikuwa wachimba bati. Bati lilipopungua, na katika karne ya 19 likaisha faida yake, wakashika kazi ya mbao: vijumba, vikanisa, miti na wanyama wadogo wadogo, miji mizima iliyoingia katika sanduku moja la mkononi. Wanyama wao waliwafanya kwa ustadi wa ajabu. Hukereza duara la mbao kwenye mashine ya kuzungusha, kisha hulipasua kama keki, na kila kipande kikatoka na umbo la mnyama. Vitu hivyo vilifika nchi nyingi za dunia, na ukitazama utasema hii ndiyo kazi ya nyumba moja, baba na mama na watoto mezani. Na ndivyo ilivyokuwa. Lakini bei ilikuwa mikononi mwa wafanya biashara wa kati, nayo ilikuwa ndogo, na ili kipatikane chakula watoto walikaa wakipaka rangi na kugundisha kwa saa nyingi, hata usiku. Meza ni ile ile, taa ni ile ile, na watoto ni wa mtu yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mtoto hawezi tena kusema nimechoka.

Mzee mmoja wetu, fundi wa milango aliyefanya nakshi tangu ujana, aliuliza swali lililotukata maneno. "Huyo mtoto mwenye kijiti," alisema, "kwenye kijumba cha kumi na moja atauliza nini?"

Kuna na jambo la nambari. Watu wanaokusanya vitu hupenda kuambiwa kwamba ni vichache, na wauzaji wamelijua hilo. Huko Uingereza, karibu na mji wa Penrith, David Tate alianzisha mwaka 1982 kazi ya vijumba vya mashamba ya Kiingereza, ikaitwa Lilliput Lane. Ilianza na watu wachache, ikakua sana. Kila kijumba kilipakwa rangi kwa mkono, na mifano mingine iliwekewa idadi, na mingine ikaachishwa kutengenezwa. Wakusanyaji wakanunua, baadhi yao kwa kupenda, na baadhi yao kwa kutumai kwamba bei itapanda. Utengenezaji ulifungwa mwaka 2016, na mwenye kabati lililojaa leo aghlabu hapati alichotoa. Hatusemi kuwa palikuwa na udanganyifu. Idadi ikitajwa kwa kweli na ikatimizwa, muuzaji hana kosa. Twasema kwamba mwenye kununua uchache amenunua kitu kisichomo ndani ya kijumba.

(Na tukiwa katika wakusanyaji: shirika la ndege la Uholanzi, KLM, tangu mwaka 1952 huwapa abiria wake wa daraja la juu vijumba vya kaure vyenye pombe ndani. Tumekiona kimoja katika kabati la mtu wa mji wetu, mcha Mungu. Alituapia kwamba alikimwaga uwanja wa ndege ule ule, na amekiosha mara saba. Tumemsadiki.)

Tukamwambia mwenzetu, baada ya majuma hayo matatu, haya yafuatayo, na si sote tulioyaunga mkono. Kuuza si vibaya, kwani kazi ya mkono ni chumo safi, na Nabii Daud alikula kwa mkono wake. Auze, lakini mapatano yawe juu ya mikono yake na ya mkewe, wasihesabiwe watoto wala saa zao. Idadi aitaje yeye, si mwenye duka, na ikiwa kwa mwezi vinatoka viwili, basi ni viwili. Kibandiko kiseme lililo kweli. Na usiku mmoja katika juma, au zaidi, meza iwe ya kijumba kisichouzwa. Kijana mkubwa akipenda kuingia katika kazi ya kuuza, ni mtu mzima, na aingie kwa ujira unaojulikana; baba asiseme "ni nyumba yetu sote" pale anapotaka kazi bila malipo.

Waliotupinga walisema kwamba tumemfungia riziki, na kwamba vijumba viwili havilipi karo. Ni kweli havilipi. Baadhi yetu wameahidi kulitazama jambo la karo kwa njia nyingine, na hilo si la kuandikwa hapa. Yule ndugu wa mwenzetu, na tumemshukuru, alikuwa wa kwanza kutoa.

Mwenye duka hajajibu bado. Ama kijumba cha tatu, kimesimama. Bibi asema kisima kilikuwa upande wa kaskazini wa kiwanda, na kaka yake aliye Malindi asema kwa simu kwamba kilikuwa kusini na yeye ndiye aliyekuwa akiteka. Wameteta mara mbili. Kaka huyo, mwenye miaka themanini na sita, ameahidi kuja mwezi ujao aonyeshe kwa kidole, na hata atakapokuja msichana ameliacha dari bila kulibandika.